Makisio ya Nishati ya Taifa na Daftari Lililo Wazi

Katika chama cha msingi hakuna jambo linaloleta manung'uniko upesi kama makisio yasiyoelezwa. Bodi huleta mbele ya mkutano mkuu karatasi yenye jumla tatu au nne, yaani mapato, matumizi na ziada, kisha mwanachama mmoja husimama na kuuliza jumla hizo zimepatikanaje. Akionyeshwa idadi ya kilo zilizotazamiwa, bei iliyotumika na gharama za kila kazi, mkutano huendelea kwa amani. Akijibiwa kwamba hesabu hizo ni za wataalamu na yeye hataweza kuzielewa, imani huanza kupungua, hata kama hesabu zenyewe ni sahihi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Taifa nalo lina makisio yake, na miongoni mwa yaliyo makubwa kabisa ni makisio ya nishati. Mpango Kabambe wa Kuendeleza Sekta ya Umeme, uliohuishwa mwaka 2020, unatazama mbele hadi mwaka 2044. Mtoto aliyezaliwa Muleba mwaka ule atakuwa mtu mzima mwenye kibanja chake kabla ya mpango huo kufikia kikomo. Hesabu za muda mrefu namna hiyo hazifanywi tena kwa kalamu na karatasi. Hufanywa na kompyuta, kwa kutumia vielelezo vya hesabu vilivyotungwa kwa kazi hiyo. Makala haya yanaeleza vielelezo hivyo hufanyaje kazi, kwa nini katika miaka ya karibuni wataalamu wengi wamevifanya kuwa wazi kwa kila mtu, na kwa nini jambo hilo linamhusu Katibu wa chama cha kahawa kilichoko Bukoba au Muleba.

KIELELEZO NI KITU GANI

Kielelezo cha hesabu, ambacho wengine hukiita modeli, ni kama daftari kubwa lililowekwa ndani ya kompyuta. Upande mmoja huandikwa mahitaji: umeme wa nyumba, wa viwanda, wa pampu za maji na wa hospitali, moto wa kupikia, mafuta ya magari. Upande wa pili huandikwa njia zote zinazoweza kuyatosheleza mahitaji hayo: maporomoko ya maji, gesi asilia, jua, upepo, joto la ardhini, dizeli, kuni, na umeme unaonunuliwa kutoka nchi jirani. Kwa kila njia huandikwa gharama ya kuijenga, gharama ya kuiendesha kila mwaka, idadi ya miaka itakayodumu, kiasi cha juu inachoweza kutoa, na hewa ukaa inayotoka kwa kila kipimo cha nishati.

Daftari likisha kujazwa, kompyuta hupewa agizo moja. Itafute mchanganyiko wa njia hizo utakaotosheleza mahitaji yote, mwaka hata mwaka, kwa gharama iliyo ndogo kuliko zote, bila kuvuka mipaka iliyowekwa. Mipaka hiyo ni ya namna nyingi. Mto hauwezi kutoa maji kuliko ulivyo, na jua halitoi umeme usiku. Tena iko mipaka inayowekwa na sera. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi mbele ya mataifa mengine kwamba kufikia mwaka 2030 itapunguza gesi zinazoongeza joto la dunia kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingefikiwa kama hatua zisingechukuliwa. Mpaka wa namna hiyo ukiandikwa katika kielelezo, kompyuta huacha baadhi ya njia zenye moshi mwingi, huchagua nyingine, na huonyesha gharama imeongezeka au imepungua kwa kiasi gani.

Yafaa ieleweke kwamba kielelezo hakitabiri mambo kama mganga. Kinachosema ni hiki tu: kama mambo yakiwa hivi na hivi, basi njia iliyo nafuu ni hii. Neno "kama" ndilo lenye uzito wote, na aghalabu ndilo linaloachwa wakati matokeo yanapotangazwa.

HESABU ILIYOANZA NA KUNI

Vielelezo vya nishati vilishamiri katika nchi tajiri baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Hata hivyo Afrika Mashariki haikuwa mbali na kazi hiyo tangu mapema. Mwaka 1980 Taasisi ya Beijer ya Sweden, ikishirikiana na Serikali ya Kenya, iliendesha mradi wa uchunguzi wa kuni. Sehemu kubwa kabisa ya nishati iliyotumiwa nchini Kenya wakati huo ilikuwa kuni na mkaa, na ilitakiwa ijulikane kama miti ingetosha miaka iliyokuwa inakuja. Kwa ajili ya mradi huo ilitungwa programu ya kompyuta iliyoitwa LEAP. Programu hiyo ingali ikitumika katika nchi nyingi, na huenda wachache wanaoitumia wanajua kwamba chimbuko lake ni kuni za mkulima wa Kenya.

LEAP hutolewa bila malipo kwa serikali na vyuo vya nchi zenye kipato kidogo. Lakini kutolewa bila malipo si sawa na kuwa wazi. Mtumiaji hupewa mashine ifanyayo hesabu, ila hawezi kufungua ndani na kusoma maagizo yote yaliyoandikwa humo. Programu nyingine za wakati ule ziliuzwa kwa bei ambayo idara ya serikali ya nchi maskini isingeimudu, na zilihitaji mtaalamu mgeni aje nazo, apige hesabu, aache ripoti na kuondoka nazo. Ripoti ilibaki kabatini. Bei ya mafuta ilipobadilika baada ya miaka miwili, hakuna aliyeweza kuirudia hesabu.

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa vyuo na mashirika mbalimbali, wakiongozwa na Mark Howells aliyekuwa katika Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, lilitangaza programu iitwayo OSeMOSYS. Maagizo yake yote yaliwekwa mbele ya umma, na yalikuwa mafupi kiasi cha kutoshea katika kurasa zisizofika tano. Kila mtu aliruhusiwa kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha bila kulipa ada. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kuiendesha. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa wakitumia programu hiyo walitoa kielelezo cha umeme cha nchi 47 za Afrika, Tanzania ikiwamo, walichokiita TEMBA. Mwaka 2021, chini ya mpango wa utafiti unaogharamiwa na Uingereza, zilitolewa takwimu za kuanzia kwa nchi kadhaa, na Tanzania ni mojawapo. Kwa takwimu hizo mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa nchini anaweza kuanza kujenga kielelezo cha taifa lake bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.

MFANO WA MASHINE YA KUKOBOA

Faida ya uwazi haionekani kwa maneno matupu. Heri kuchukua mfano mdogo wa kielelezo chenye njia mbili tu. Tarakimu zinazofuata ni za kufundishia, si za chama chochote.

Chama kinataka mashine ya kukoboa kahawa ya maganda. Njia ya kwanza ni injini ya dizeli. Kuinunua ni shilingi milioni 6, na kuiendesha kwa mafuta, oili na vipuri ni shilingi milioni 4 kila mwaka. Njia ya pili ni mota ya umeme. Kuinunua pamoja na kuvutiwa umeme wa njia tatu ni shilingi milioni 20, lakini kuiendesha ni shilingi milioni 2 kila mwaka. Kila moja itadumu miaka 10.

Mwanachama akijumlisha kwa njia ya kawaida atapata kwamba dizeli itagharimu milioni 6 na milioni 40, jumla milioni 46. Umeme utagharimu milioni 20 na milioni 20, jumla milioni 40. Kwa hiyo umeme ni nafuu.

Lakini wachumi hawajumlishi hivyo. Husema kwamba shilingi itakayolipwa baada ya miaka 10 ni nyepesi kuliko shilingi inayolipwa leo, maana fedha ya leo ingeweza kufanya kazi nyingine, au imekopwa na inadai riba. Kwa sababu hiyo hupunguza thamani ya kila malipo yajayo kwa kiwango fulani cha kila mwaka. Kiwango kikiwa asilimia 5, shilingi milioni moja ya mwaka wa 10 huhesabiwa leo kama shilingi 614,000 hivi. Kikiwa asilimia 10, huhesabiwa kama shilingi 386,000 hivi.

Hesabu ile ile ya mashine ikirudiwa kwa asilimia 5, dizeli inagharimu kiasi cha shilingi milioni 36.9 na umeme milioni 35.4. Umeme bado ni nafuu. Ikirudiwa kwa asilimia 10, dizeli inagharimu milioni 30.6 na umeme milioni 32.3. Sasa dizeli ndiyo nafuu. Bei za mashine hazikubadilika, wala bei ya mafuta, wala kiasi cha kahawa. Kilichobadilika ni tarakimu moja katika mstari mmoja wa daftari.

Na hewa ukaa je? Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa hiyo. Injini inayotumia lita 1,400 kwa msimu hutoa zaidi ya tani tatu na nusu. Katika hesabu za hapo juu tani hizo hazikutajwa, kwa hiyo zilihesabiwa kuwa hazina gharama yoyote. Mkutano mkuu ukiamua ziwekewe mpaka, au zitiwe bei, jibu laweza kugeuka tena.

Basi na ifikiriwe kwamba Bodi imeleta kwenye mkutano tamko moja tu, kwamba kompyuta imeonyesha kuwa dizeli ni nafuu. Tamko hilo si la uongo. Hata hivyo mwanachama asiyeonyeshwa kiwango kilichotumika hawezi kujua kama uamuzi umetokana na hali ya chama chake au umetokana na asilimia iliyochaguliwa na mtu mmoja. Makisio ya taifa yana mistari ya namna hiyo kwa mamia. Ndiyo maana uwazi wa kielelezo haumaanishi kuwekwa wazi kwa jibu. Maana yake ni kwamba maagizo ya hesabu, takwimu zilizoingizwa na dhana zote zinawekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzichukua, kurudia hesabu, kubadili mstari mmoja na kuona jibu linakwenda wapi. Mkaguzi wa vitabu vya chama hufanya kazi hiyo hiyo anapodai hati za malipo badala ya kuridhika na mizania.

NCHI YA KAHAWA ILIYOFUNGUA DAFTARI LAKE

Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati ambayo nayo hulima kahawa milimani, ilitangaza mwezi Februari 2019 mpango wa kuondokana na nishati za moshi kufikia mwaka 2050. Chuo Kikuu cha Costa Rica kilijenga kielelezo cha nishati ya nchi hiyo kwa kutumia OSeMOSYS. Mwaka 2020 chuo hicho, pamoja na washirika wa nje, walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba faida za mpango zingezidi gharama zake kwa dola za Marekani bilioni 41 hivi katika miaka thelathini.

Tarakimu hiyo haina budi kutazamwa kama tarakimu yoyote ya makisio. Lakini watafiti hawakupiga hesabu mara moja na kutosheka. Waliirudia kwa maelfu ya hali mbalimbali, bei zikipanda, zikishuka, uchumi ukikua upesi au polepole, ili waone katika hali zipi mpango ungeshindwa. Kazi ya namna hiyo huwa nyepesi zaidi pale daftari linapokuwa la wenyewe na limefunguliwa. Nchi inayongoja mtaalamu arudi na programu yake hupata jibu moja, kisha hungoja tena.

MAMBO AMBAYO HESABU HAIYAONI

Tanzania imefanya kazi kubwa ya umeme katika miaka ya karibuni. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kutoa umeme mwezi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Rusumo, katika Mto Kagera, inatoa megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika mto huo huo umepangwa mradi wa Kakono wa megawati 87 hivi. Kufikia mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Haya ni mambo ya kujivunia. Pamoja na hayo, yako mambo manne ya mkoa huu ambayo kielelezo cha taifa kinaweza kuyapita bila kuyaona, na kila moja lina gharama kwa mwanaushirika.

La kwanza ni msimu. Mota ya kilowati 15 inayofanya kazi saa 5 kwa siku, kwa siku 70 za mavuno, hutumia yuniti 5,250. Yuniti hizo zikigawanywa kwa saa zote 8,760 za mwaka, wastani wake ni kilowati 0.6, ambayo ni chini ya nguvu ya pasi moja ya umeme. Anayepanga kwa wastani wa mwaka ataona chama hicho kama nyumba yenye pasi. Atakayepanga kwa misimu ataona mota ya kilowati 15 inayotaka kuwashwa siku zile zile ambazo vyama jirani navyo vinawasha zao. OSeMOSYS huuruhusu mwaka ugawanywe katika vipande vya misimu na saa, lakini mgawanyo huo hufanywa na mtu, na mtu huyo hawezi kujua msimu wa kahawa ya Buhaya kama hakuambiwa.

La pili ni aina ya umeme. Kijiji huhesabiwa kuwa kimefikiwa pale nguzo na waya vinapofika na nyumba za kwanza zinapowaka taa. Ada ya kuunganishwa nyumba ya kijijini kwa shilingi 27,000 imewasaidia wengi. Lakini ada hiyo ni ya umeme wa njia moja, ilhali mashine kubwa ya kukoboa huhitaji umeme wa njia tatu. Chama kilichoko mita mia chache kutoka kwenye nguzo chaweza kuwa katika kijiji chenye umeme na bado kikaendelea kununua dizeli. Katika daftari la taifa hitaji hilo litaonekana limekwisha kutoshelezwa.

La tatu ni kuni. Nyumba nyingi za mkoa huu hupika kwa kuni zinazotoka katika vibanja na katika mikaratusi iliyopandwa rweya. Kuni hizo hazinunuliwi, kwa hiyo katika hesabu ya shilingi bei yake ni sifuri, na kitu cha bei sifuri hakishindwi na jiko lolote. Kompyuta itasema kuni ni nafuu milele. Lakini sifuri hiyo ni ya uongo, kwani mama na binti wamelipa kwa saa za kutembea na kwa macho yaliyojaa moshi. Watafiti wa Stockholm waliliona jambo hilo, wakatunga programu nyingine iliyo wazi, iitwayo OnStove, ambayo huhesabu muda wa kutafuta kuni na maradhi ya moshi pamoja na bei ya jiko na ya nishati. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikishia Watanzania asilimia 80 nishati hiyo kufikia mwaka 2034. Shabaha hiyo itagharimu kiasi gani Muleba, hakuna kompyuta itakayojua bila kujua kwanza kuni za Muleba zinatoka wapi na zinachukua saa ngapi.

La nne ni mvua na mipaka. Umeme wa maji hauna moshi, lakini hauna hakika kama mvua yenyewe. Nchi ilipata mgawo wa umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023. Kielelezo kilichopewa mvua ya wastani kwa kila mwaka hakitaona mgawo hata mmoja. Aidha, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda kwa njia ya Masaka hadi Kyaka. Kielelezo kinachoichukulia Tanzania yote kama boma moja lenye gridi moja kinaweza kujaza umeme wa Rufiji katika nyumba za Bukoba ndani ya karatasi, hata kama waya wenyewe haujafika.

UWAZI PEKE YAKE HAUTOSHI

Haitakuwa haki kuusifu uwazi kupita kiasi. Takwimu za kuanzia zilizotolewa mwaka 2021 zilikusanywa kutoka katika vitabu na taarifa za kimataifa, na mahali ambapo takwimu za nchi zilikosekana, wastani wa mahali pengine ulitumika. Waliozitoa walisema wazi kwamba ni za kuanzia, zinangoja kusahihishwa na wenye nchi. Zisiposahihishwa, makosa yake yataonekana na kila mtu lakini yataendelea kubaki. Daftari lililofunguliwa mezani bila msomaji halina tofauti kubwa na lililofungiwa kabatini.

Pia maelezo mengi ya programu hizi yameandikwa kwa Kiingereza, na wanaojua kuziendesha ni wachache. Kwa sababu hiyo ni wajibu wa vyuo vya nchi kuwafundisha vijana kazi hii, na wajibu wa vijana hao kuyaeleza matokeo kwa lugha ambayo mkutano wa kijiji unaielewa. Tena kielelezo, hata kikiwa wazi namna gani, hakiamui. Kama fedha ya umma itumike kwanza kuvuta umeme wa njia tatu vijijini au kwanza kuongeza mitambo, ni jambo la haki kati ya watu na watu. Uamuzi huo ni wa wananchi kupitia vyombo vyao. Kazi ya hesabu ni kuonyesha kila uamuzi utamgharimu nani, na kwa kiasi gani.

KAZI YA KATIBU

Chama cha msingi hakitajenga kielelezo cha taifa, wala hakitakiwi kufanya hivyo. Kinachoweza kufanya, na ambacho hakuna mwingine awezaye kukifanya badala yake, ni kutoa tarakimu za kweli za mahali kilipo. Yanapendekezwa mambo matatu.

Kwanza, kila chama chenye mashine kifungue daftari la nishati lenye safu tano: tarehe, saa ambazo mashine imefanya kazi, lita za dizeli au yuniti za umeme zilizotumika, fedha iliyolipwa, na saa ambazo umeme ulikatika wakati kahawa ikingoja. Safu hiyo ya mwisho isidharauliwe. Ndiyo inayoonyesha hasara ambayo haimo katika ankara yoyote.

Pili, mara moja kwa mwaka, wakati orodha ya wanachama inapohakikiwa, kila mwanachama aulizwe maswali machache: nyumbani kwake wanapika kwa nini, kuni zinatoka wapi na huchukua saa ngapi kwa wiki, na kama umeme umefika nyumbani. Majibu yaandikwe kwa jumla, bila majina, ili yaweze kutolewa bila kumwaibisha mtu.

Tatu, jumla za mwaka zisomwe mbele ya mkutano mkuu, kisha zipelekwe kwenye Chama Kikuu na kwenye Halmashauri ya Wilaya. TANESCO na Wakala wa Nishati Vijijini wanapopanga kazi, na EWURA inapofanya taftishi ya bei na kuwaita wananchi watoe maoni, mjumbe wa ushirika asiende na malalamiko peke yake. Aende na karatasi. Na anapoonyeshwa mpango wowote wa nishati aulize maswali manne: takwimu hizi ni za mwaka gani, kiwango cha kupunguzia thamani ni asilimia ngapi, ni kitu gani kimehesabiwa kuwa sifuri, na je, hesabu hii inaweza kurudiwa na mtu mwingine.

Kwa vyama vingi mwaka wa kahawa una miezi ya pilika na miezi ya utulivu. Miezi ya utulivu ndiyo ya kupiga mistari ya safu hizo tano, ili siku mashine itakapowashwa kwa gunia la kwanza daftari liwe tayari pembeni yake. Hazihitaji kompyuta. Zinahitaji daftari la kurasa mia moja, kalamu, na mtu aliyepewa jukumu la kuandika siku ile ile kabla mlango wa ghala haujafungwa.